Maneno Aliyoyaficha Mboje

Jumapili moja ya mwezi wa saba, mwaka 2007, wakati baridi ya Sumbawanga inawafanya hata wanaume wakumbatie kikombe cha chai kwa mikono miwili, banda la video la Kasmir pale Majengo lilijaa mpaka watu wakakalia makreti ya soda. Sinema ilikuwa ya Kichina. Kando ya tivii, juu ya stuli, aliketi Mboje na maiki mkononi, akitafsiri.

Mabanda mengine yalikuwa na tivii kubwa zaidi. La Kasmir lilikuwa na Mboje. Mzee akiongea, Mboje alikohoa na kuburuza maneno. Binti akilia, sauti yake ililainika mpaka akina mama wakavuta upindo wa kanga. Ukweli ni kwamba Kichina hakukijua hata neno moja. Alisoma Kiingereza kilichopita chini ya picha pale alipoweza, na pale kilipomshinda aliwapa watu maneno yaliyowafurahisha. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Siku hiyo kuna mtu alimkosesha raha. Benchi la mbele aliketi msichana mwenye sweta ya kijani na sketi ndefu ya kitenge, nywele kasuka mistari minne, daftari mapajani. Banda zima lilitazama tivii. Yeye alimtazama Mboje mdomoni, bila kupepesa macho.

Mboje alivumilia, mwisho akashindwa.

"Dada, sinema iko kule!"

Watu wakacheka. Msichana hakutikisika. Jamaa mmoja nyuma akapayuka, "Bubu huyo! Si yule fundi cherehani wa karibu na ghala la mahindi? Utaongea mpaka kesho!"

Kicheko kikaongezeka. Mboje akaendelea na kazi, lakini mzaha wake wote uliobaki ulitoka mkavu.

Sinema ilipokwisha alimkuta msichana amesimama mlangoni. Alimpa daftari na kalamu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma.

"Naitwa Otilia. Nimelipa kiingilio kama wenzangu. Mdomo wako unakimbia mno. Yule mzee alimwambia nini binti yake alipomfukuza?"

Mboje aliusoma mstari ule mara mbili. Akaegemeza daftari kwenye bati la ukuta, akaandika, "Alisema, nenda, lakini ukifika salama nijulishe."

Otilia alisoma, uso ukamlegea, akaandika, "Kumbe! Mimi nilidhani amemlaani." Akacheka kicheko kizito kilichotoka kifuani, akajifunga sweta, akaenda zake.

Mboje alibaki pale anakuna kichwa. Mzee wa kwenye sinema alikuwa amemlaani kweli.

*

Kesho yake alikwenda kwenye kibaraza cha Otilia na suruali iliyochanika pajani. Otilia aliigeuza, akaipitisha mbele ya mwanga, akaandika kwa chaki juu ya meza ya cherehani, "Hii haikuchanika. Imekatwa kwa wembe."

Mboje akaona aibu, kisha akaandika chini yake, "Nilikosa sababu nyingine ya kuja."

"Watu wengine husema shikamoo au mambo."

"Mambo?"

"Poa. Njoo kesho uchukue suruali yako, muongo wewe."

Alikwenda kesho, na keshokutwa. Otilia alikuwa amezaliwa Msanzi, kwenye familia ya wakulima wa mahindi na ulezi. Masikio yalizibwa na homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka tisa, ameshajua kusoma, ndiyo maana aliandika vizuri, na maneno machache aliweza kuyatamka kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka. Lugha ya alama aliipata shule ya viziwi. Mboje naye akajifunza kwake, akianza na herufi, kisha majina ya vyakula, kisha matani. Baada ya miezi mitatu waliweza kukaa kibarazani wakibishana kwa mikono mpaka wapita njia wakasimama kuwashangaa.

Siku moja, kwa kusahau, Mboje alimpigia simu. Meseji ikarudi haraka, "Kitu kimetetemeka mfukoni nikadhani panya. Wewe unampigia simu kiziwi?"

"Nilitaka uone jina langu."

"Nimeliona."

"Basi samahani mpenzi, sitapiga tena."

"Nani amekukataza? Piga."

Kila Jumamosi alimsindikiza kwenye mkutano wa viziwi, kwenye karakana ya Marselino. Marselino alikuwa fundi seremala wa miaka hamsini, kiziwi tangu kuzaliwa, mtu wa tabasamu kwa kila mtu. Ndiye mwenyekiti, Otilia alikuwa katibu. Alikuwepo pia Coleta, muuza mitumba, ambaye sikio lake la kushoto lilidaka sauti kubwa. Dai lao lilikuwa moja: sinema zinazoonyeshwa mjini ziwekewe maandishi ya Kiswahili. Walikuwa wameandika barua kwa wenye mabanda, wakachekwa. Waliandika kwa afisa utamaduni, wakaambiwa wasubiri.

"Mnahangaika sana kwa ajili ya sinema," Mboje alimwambia Otilia siku moja kwa mikono, wakitoka mkutanoni. Hakuwa na nia mbaya.

Otilia alisimama katikati ya njia.

"Nilikuwa na dada, Debora. Mtoto wa mama mkubwa. Kiziwi wa kuzaliwa, hakupelekwa shule. Aliugua, akapimwa, akapewa vidonge. Mwaka jana likaja gari la sinema pale Msanzi, likafunga shuka kubwa uwanjani. Sinema ya ugonjwa huohuo. Mwanamke amekonda, anapewa vidonge, ananenepa, mwisho anacheza kwenye harusi ya mwanawe. Debora aliona hayo. Akaelewa: unameza, unapona, basi."

Otilia akasogea kando kumpisha mtu wa baiskeli, akaendelea.

"Maneno yalisema umeze kila siku mpaka mwisho wa maisha. Yeye alinenepa kidogo, akaacha. Tumemzika mwezi wa pili. Majirani zake wote walikuwepo uwanjani, Mboje. Wote walisikia. Hakuna aliyekumbuka kumwambia."

Upepo ulikuwa unainamisha mikaratusi. Mboje alitaka kumshika mikono, akakumbuka kwamba kumshika mikono ni kumziba kinywa. Akasimama tu naye.

*

Mwezi wa kumi na mbili alimpeleka kwa mama yake.

Kwao Mboje ni bondeni, upande wa Ilemba, ambako wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka Usukuma yeye akiwa mtoto. Baba alikwisha kufa. Mama yake, Kabula, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye shanga shingoni, na Kiswahili alikitumia kwa wanunuzi wa ng'ombe tu. Otilia alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe kwa wiki nzima. Njia nzima, gari likishuka mteremko mkali, alifanya mazoezi ya salamu moja ya Kisukuma, ya kumwamkia mama, mbele ya kioo kidogo cha mkononi.

"Mwadila, mayu," alisema kwa sauti alipofika, akapiga goti.

Kabula alimtazama, kisha akamgeukia mwanawe. Aliyoyasema kwa Kisukuma yalikuwa haya, "Umekwenda mjini miaka yote hiyo kuniletea bubu? Mtoto akilia ndani, huyu atamsikia? Moto ukiwaka? Sina binti wa namna hii, na sitakuwa naye."

Otilia alikuwa anamwangalia Mboje, macho yamejaa matumaini.

Mboje aliinua mikono yake. Kisha ikasema, "Anasema karibu, mwanangu. Anasema umechoka na safari."

Kija, dada yake Mboje, aliyekuwa amefundishwa na kaka yake alama chache tu, aliinamisha kichwa akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Otilia alilia kwa furaha. Waliporudi Sumbawanga alimweleza kila mtu. Wiki mbili baadaye Mboje alimletea kitenge cha rangi ya machungwa, akasema kimetoka kwa mama. Alikuwa amekinunua mwenyewe dukani. Alijiambia mama atalainika, na siku atakapolainika, uongo ule utakuwa umegeuka kweli wenyewe.

*

Wakati huo Kasmir alikuwa amepata wazo. Watu walianza kupenda sinema za kwetu kuliko za Wachina, naye akaona atengeneze ya kwake. Walirekodi kule Kipili, kwenye ziwa Tanganyika, mitumbwini na kwenye vibanda vya kukaushia samaki wa migebuka, wakaipa jina *Mke wa Kipili*. Ndani yake kulikuwa na mtumishi bubu wa kuchekesha watu: anapigwa makofi, anaibiwa chakula, anatukanwa mbele ya macho yake huku anatabasamu.

Afisa utamaduni, kwa kuchoshwa na barua za Otilia, alikuja na mpango. Sinema hiyo ya Kasmir iwekewe maandishi ya Kiswahili, ionyeshwe mara ya kwanza ukumbini, viziwi na wasikiao pamoja. Ikienda vizuri, wenye mabanda watakaa chini na viziwi. Kazi ya maandishi ikaangukia kwa Mboje, kwenye kompyuta ya Kasmir.

"Weka hayo maandishi," Kasmir alimwambia, "ila sitaki fujo siku hiyo. Umenielewa, mshikaji?"

Otilia alimwambia jambo lingine. "Andika kila neno. Hata tusi."

"Hata tusi, bosi wangu," Mboje alijibu, akampigia saluti mpaka akacheka.

Lakini alipokaa mbele ya kompyuta na kufika kwenye mtumishi bubu, vidole vilimgoma. *Zezeta hili, mlishe na kuku.* Akilini alimwona Marselino akiyasoma yale. Alimwona Otilia akisimama ukumbini kufanya fujo, Kasmir akikasirika, afisa akifunga faili. Akafuta, akaandika, *Huyu ndugu ana shida ya kusikia.* Sehemu nyingine akaandika, *Mpe chakula naye.* Ilipofika sentensi ya tatu, kazi ilikuwa imekuwa rahisi.

Siku yenyewe, Jumamosi moja ya mwezi wa tatu saa tisa mchana, mvua ikinyesha, ukumbi ulijaa. Otilia alivaa gauni la kitenge cha machungwa. Maandishi yalipotokea chini ya picha, meupe, ya Kiswahili, viziwi walishikana mabega. Marselino aliyafuata kwa kidole hewani.

Kisha akatokea yule mtumishi. Pale chini pakaandikwa, *Huyu ndugu ana shida ya kusikia*, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Otilia aligeuka nyuma. Watu walikuwa wanapiga mapaja, wanafuta machozi. Alisoma tena. Hakukuwa na cha kuchekesha. Marselino, kwa kuwaona wenzake wanacheka, naye akacheka.

Coleta alikuwa ameinamisha sikio la kushoto kuelekea spika. Alikuwa hacheki.

"Wamesema nini?" Otilia akamuuliza.

Coleta alisita, kisha akamwandikia herufi moja moja kwa vidole. Z. E. Z. E. T. A.

*

Afisa alitoa hotuba ya pongezi. Otilia hakuisubiri. Mboje alimkuta nje, chini ya mchirizi wa bati, gauni limelowa begani.

"Umebadilisha."

"Sehemu chache tu, mpenzi. Sikutaka muumie."

"Debora hakuumia. Alitoka uwanjani pale anacheza."

"Si sawa na hilo! Haya ni matusi tu ya kwenye sinema, hayana maana—"

"Wewe ndiye unayeamua lipi lina maana na lipi halina? Sisi tunasoma mabaki?" Mikono yake ilikata hewa. "Ukumbi mzima unamcheka Marselino, naye anacheka nao kwa sababu yako!"

 Otilia aliutazama uso wa Mboje kama alivyoutazama siku ya kwanza. Kitu kikamjia.

"Na mama yako? Mama yako alisema nini?"

Mikono ya Mboje haikuinuka. Angeweza hata wakati ule kusema uongo mwingine. Mkono wa kulia ulianza, ukashuka.

Otilia aliondoka kwenye mvua.

Jumatatu alikwenda sokoni, ambako Kija alikuja kila wiki kuuza maziwa mgando. Alimpa daftari. Kija aliusoma mstari ulioandikwa, akatazama huku na huku, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Wifi, usiniulize mimi," alisema kwa kutanua midomo.

Otilia aligonga daftari kwa kidole. Kija akaandika, taratibu, kwa mwandiko wa darasa la saba, yote aliyoyasema mama yake. Mwisho akaongeza, "Hata kitenge si cha mama. Nisamehe."

Jioni ileile kitenge cha machungwa, kimefuliwa, kimefumuliwa mishono yote na kuunganishwa tena kuwa kipande kimoja, kiliwekwa kwenye stuli ya Mboje bandani. Hakukuwa na barua.

*

Masika ya mwaka ule yalikuwa marefu. Mboje alituma meseji, hazikujibiwa. Alipita mbele ya kibaraza, Otilia hakuinua kichwa kwenye cherehani. Otilia naye hakuwa na raha. Alikuwa akishona akikosea, anafumua, anashona tena. Kilichomuuma si kukataliwa na Kabula, kukataliwa alikuzoea. Kilichomuuma ni miezi mitatu aliyotembea mjini akiwaeleza watu kwamba amepata mama, na mtu aliyejua ukweli akitembea ubavuni kwake anatabasamu.

Bandani, sauti ya Mboje ilianza kuwachosha watu. Alikuwa anasimama katikati ya sentensi. Siku moja mzee wa kwenye sinema alimlaani mwanawe, na Mboje akatafsiri laana yote, neno kwa neno, mpaka mama mmoja akaondoka na watoto wake.

Mwezi wa tano alikwenda kwa Marselino na CD ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, mzee," alimsalimu kwa alama.

Marselino aliitikia. Hakutabasamu.

"Nimeirudia sinema yote. Kila neno liko mle. Haitawafurahisha."

Waliitazama karakanani, watu kumi na mmoja, wamekalia mbao. Otilia alikaa nyuma kabisa. Mboje alisimama nje, akitazama maranda yanavyopeperushwa na upepo. Aliporuhusiwa kuingia, tivii ilikuwa imezimwa. Coleta alikuwa analia. Marselino alikuwa ameshika randa lake kama mtu aliyesahau kazi yake.

"Miaka hamsini," Marselino alisema, mikono ikienda polepole. "Sokoni, kilabuni, nje ya kanisa. Watu wakinitazama na kucheka, nilicheka nao. Nilidhani ni urafiki. Hivi ndivyo walivyokuwa wanasema?"

 Akamgeukia Mboje.

"Umenivunja moyo, kijana. Wa kwanza kunivunja moyo kwa kunieleza ukweli. Sasa tukawaonyeshe wao."

Waliipeleka kwa afisa utamaduni, wakaomba wenye mabanda waitwe wote, na sinema iwashwe bila sauti. Wenye mabanda wakasoma, kwa mara ya kwanza, maneno waliyokuwa wakiyachekea. Kicheko hakikutoka. Mmoja alikohoa. Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba ana mjomba wa namna hiyo. Walipotoka walikuwa wamekubali siku moja kwa wiki, Jumatano, sinema yenye maandishi ya Kiswahili, na yaandikwe kama yalivyosemwa. Gari la sinema za afya halikuwa mikononi mwao. Kuhusu hilo afisa aliahidi kuandika barua, na alipoambiwa jina la Debora aliliandika pembeni ya karatasi.

Kasmir alimfukuza Mboje kazi mlangoni palepale.

Mboje alikuwa anavuka barabara alipoguswa bega. Otilia. Amekonda, amevaa ile sweta ya kijani.

"Nipeleke kwa mama yako," alisema. "Safari hii unipe maneno yake mwenyewe."

"Utaumia."

"Najua. Ni maumivu yangu."

*

Walishuka bondeni mwezi wa sita. Kabula alikuwa ameketi nje ya nyumba, anapeta mpunga. Hakuinuka.

"Umemrudisha," alimwambia mwanawe. Mboje alisimama kati yao, na mikono yake ikasema, "Umemrudisha." Alipotafsiri hivyo, Kabula alimkazia macho, akaona safari hii Otilia hatabasamu, akaelewa kwamba leo mambo ni tofauti.

"Basi mwambie. Mwambie simtaki. Wewe ni mwanangu wa kiume wa pekee. Nimekuzaa nikakulea ili nyumba hii iwe na watu wanaozungumza, si watu wanaopepea mikono."

Mboje alitafsiri. Machozi yalimtoka, lakini hakuruka neno.

"Muulize, mtoto akilia, nani atamsikia?"

Otilia alifikiri. Kisha akajibu, na Mboje akayasema kwa Kisukuma.

"Anasema, wewe, mama. Anasema utakuwa unaishi nasi, na wewe ndiye utakayemsikia, umwamshe."

Ungo ulisimama mikononi mwa Kabula. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa mwanamke mwingine, mpole, aliyechoka. Kija, mlangoni, aliziba mdomo kwa kanga. Kisha Kabula akaweka ungo chini, akasimama. Hakumtazama mwanawe. Alimsogelea Otilia mpaka pua kwa pua, akatamka kwa Kiswahili chake cha mnadani, taratibu, ili midomo isomeke:

"Mimi si-ta-ki. Akikuoa, nikifa asinizike."

Otilia aliyasoma mwenyewe, yote. Aliinamisha kichwa, akapiga goti kama siku ya kwanza.

"Asante, mayu," alisema kwa sauti yake nzito.

Kabula aligeuka akaelekea zizini.

Gari la kurudi lilipanda mteremko likilia. Kule juu, lilipopumzisha injini, walishuka wakasimama ukingoni. Chini, ziwa Rukwa lilionekana kama bati la kale. Mboje alimshika bega amgeuze.

"Nioe hivyohivyo. Yaani, nikuoe. Nimechanganyikiwa." Otilia alitabasamu kidogo. Mboje akaendelea, "Kuna mtu Dar es Salaam anatengeneza sinema, amesikia habari yetu, anataka mtu wa maandishi. Twende wote. Mama atajijua."

"Siku ile uliponidanganya nilikuchukia," Otilia alisema. "Leo sikuchukii hata kidogo. Leo ndiyo nimekupenda kweli."

"Basi twende."

"Umemwona uso alipoacha kupeta? Alitaka. Akashindwa. Sijui atashindwa mpaka lini, pengine mpaka afe. Na akifa bila wewe kumzika, kila utakaponitazama utaliona kaburi lake."

"Mimi si—"

"Usiniambie cha kunifurahisha, Mboje."

Mikono yake ikabaki hewani. Alifikiri kweli, kwa muda mrefu, upepo wa Ufipa ukiwapiga mgongoni.

"Ndiyo," akasema mwisho. "Nitaliona."

Otilia alimkumbatia, na dereva alipopiga honi ni Mboje peke yake aliyesikia, wala hakumwambia.

*

Basi la Mbeya, ambako Mboje angeunganisha la Dar es Salaam, liliondoka alfajiri ya Alhamisi, mwezi wa saba. Stendi ilikuwa na ukungu, wapiga debe wamejifunika mablanketi. Otilia alimletea chapati ndani ya kitambaa na shati jeupe alilomshonea.

"Litakubana kidogo," alisema. "Nilikupima kwa macho tu, tulikuwa tumegombana."

"Nitakonda. Dar kuna joto."

"Utaniandikia?"

"Kila siku. Na mama nitampigia kila Jumapili. Nitamuuliza kama amekubali nikuoe."

"Akisema hapana?"

"Nitakuandikia hapana."

Konda alipiga bodi la basi. Mboje alipanda, akafungua dirisha, akasema kwa mikono, mbele ya abiria wote, maneno ambayo hakuna mwingine pale stendi aliyeyaelewa. Otilia alimjibu. Basi likajivuta, likaingia kwenye ukungu, na taa zake nyekundu zikapotea upande wa barabara ya Laela.

Alisimama mpaka miguu ikaanza kufa ganzi. Kisha akajifunga sweta, akarudi Majengo, akafungua kibaraza. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na sketi kumi na nne za wanafunzi zilikuwa bado hazijatiwa upindo.